Sufuri za Dakhalia Nambari Mbili

Tangazo rasmi kwa walimwengu wote, wa nchi kavu na wa visiwani: mimi, Yussuf Msabah, wa kidato cha tatu, msoma matangazo mkuu wa skuli yetu hapa Fumba, nimewahi kuitumikia sayansi. Niliitumikia wiki nne. Sayansi haikuniomba, na leo ingependa kunikaba roho.

Ilianza na upele. Dakhalia Nambari Mbili, wanakolala watoto wa kidato cha kwanza, ilikuwa haina mtu mwenye ngozi nzima. Ukipita baada ya sala ya adhuhuri, wakati wa mapumziko, ulisikia watoto thelathini wakijikuna kwa pamoja, kama watu wanaokuna nazi chumba cha pili.

Akaja Bi Thuwaiba, muuguzi wa watafiti kutoka mjini, na dawa mpya ya kupaka. Watoto walipakwa wiki nzima, kisha zikaja karatasi. Alitueleza kwamba katika utafiti wa ngozi kila mtu hupima kwa kipimo chake: huyu anahesabu vipele, yule anauliza mgonjwa kalala vipi, mwengine anatazama tu na kusema afadhali. Mwisho hakuna anayejua dawa ipi imeshinda. Kwa hivyo sasa Fumba, Jang'ombe na Tumbatu wangetumia swali moja: leo unawashwa kiasi gani? Sufuri, huwashwi kabisa. Kumi, huwezi kustahamili. Namba ya mgonjwa haiguswi na mtu, hata daktari. Na anayeandika sufuri mara mbili mfululizo kapona, haendelei na dawa.

Kwa kuwa nina sauti, alinipa mimi maelezo niwasomee wadogo, mwenyewe akatoka kushusha maboksi garini. Nikapanda juu ya sanduku la chuma. Nikawatazama: watoto waliolia wiki ile kwa kupata nne juu ya kumi ya hesabu. Nikashindwa kujizuia. Nikakohoa kama mheshimiwa, nikawatangazia kwamba huu ni mtihani wa ngozi. Kumi juu ya kumi ni ngozi iliyopasi, sufuri ni ngozi iliyofeli, na kila mtu ajisahihishe kwa uaminifu. Nilitegemea Bi Thuwaiba ataingia, atasikia, atanivuta sikio, tucheke.

Aliingia kalamu zimeshatembea. Akakusanya karatasi. Sikusema kitu.

Wiki iliyofuata karatasi zilirudi, na hakuna aliyesahau mafundisho yangu. Waliopona waliandika tisa na kumi, wakaendelea kupakwa dawa kwa bidii. Waliokuwa hoi waliandika sufuri, wakaachwa.

Simai, mtoto wa Tumbatu anayelala karibu na mlango, aliandika sufuri yake ya pili kwa mkono uliokwisha kuchimbika kwa kucha. Bi Thuwaiba aliutazama mkono ule, akakunja uso.

"Una hakika, mwanangu?"

"Naam, Bi. Sufuri," alisema Simai, macho chini, kwa aibu ya mtu aliyefeli.

Nilikuwa hatua tatu kutoka kwao. Nikainama nikajitia kufunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa kandambili.

Baada ya hapo nilianza kukwepa mlango ule. Mikono ya Simai ikatunga usaha. Kujikuna kwake sasa kulisikika peke yake, taratibu, bila kukoma. Asubuhi moja ya wiki ya nne alinifuata bombani, uso umevimba hata macho yamekuwa vijistari, akaninong'oneza kwamba mkojo wake umekuwa kama chai ya rangi. Kisha akauliza, kwa adabu kabisa:

"Kaka Yussuf, huu mtihani wa ngozi mtu anausomaje?"

Nilimwita mwalimu wa zamu, hilo nililifanya.

Gari ilimchukua Simai hospitali ya mjini. Bi Thuwaiba alibaki na karatasi zake mapajani na simu mkononi. Daktari wa huko alimwambia kwa simu kwamba figo zimeshikwa. Upele ulioingia usaha unaweza kufanya hivyo, lakini karatasi ilionesha mtoto huyu alipona upele wiki mbili nyuma. Kama ni kweli, basi chanzo ni kingine, na ilibidi wakitafute kwengine, haraka.

Bi Thuwaiba akazipitia tena karatasi zake, akawakusanya wadogo. Akamsimamisha mmoja wao, Mmanga, mikono safi kama ya bibi harusi, akamuuliza mbona kaandika kumi.

"Nimepasi, Bi."

"Umepasi nini?"

"Mtihani wa ngozi."

Akauliza nani kawaambia ni mtihani. Hakuna aliyenitaja. Vichwa vyote viligeuka kwangu, na mimi nikageuka nyuma nimtafute huyo wanayemtazama. Palikuwa na ukuta.

"Ni mimi, Bi," nilisema. "Niliwageuzia. Sufuri yao ndiyo kumi yako. Simai hajapona hata siku moja."

Hakunipiga, hakunitukana. Alininyooshea simu, daktari akiwa bado anasubiri.

"Mwambie mwenyewe."

Nikamwambia. Akauliza nilijua tangu lini kwamba mtoto anaumwa. Nikasema tangu sufuri ya pili. Nilikuwepo, nimeisikia, na nimenyamaza.