Matuta ya Bibi Cornelia

Mwalimu Rozina hakuwa mtu wa kusubiri. Watu wa Kipili, kule ziwani, ndivyo walivyo: boti ikifika unapanda, ukizubaa imekuacha, utaisikia injini tu. Aliporipoti kwenye shule ndogo ya kanisa huku juu Ufipa, kwenye njia ya kwenda Mwimbi, wiki haijaisha akauliza wasichana wa hapa wanacheza mchezo gani. Akaambiwa hawachezi. Wavulana walikuwa na mpira wa makaratasi; wasichana walikuwa na madumu ya maji. Rozina akasema hilo litakoma, na alivyolisema, hata mwalimu mkuu, Mwalimu Adolfu, aliyekuwa anakunywa chai yake, alishusha kikombe.

Alikuwa na sababu. Yeye mwenyewe alifika sekondari kwa mikono yake miwili, na simaanishi kwa kuandika. Mwalimu mmoja alimwona akidaka mpira ufukweni, akamfuata baba yake kwenye nyavu, akamng'ang'ania mpaka mzee akakubali binti asome. Bila mpira ule Rozina angekuwa anaanika dagaa mpaka leo. Kwa hiyo kila akimwona mtoto wa kike na dumu kichwani, yeye alimwona mchezaji anayepotea.

Mwezi haukuisha, timu ikawepo. Wasichana kumi na wanane, mpira mmoja wa netiboli kutoka Sumbawanga mjini, na Adela. Huyu Adela alikuwa darasa la sita, mrefu, mpole, analelewa na bibi yake, Bibi Cornelia, na mkono wake haukosi goli. Kilichokosekana ni uwanja. Ua wa shule uliinama, mpira ukiponyoka unaufuata bondeni. Kamati ya shule ikamwambia Rozina wazi: mwezi wa tatu mwakani tutakaa. Tukikuta uwanja na timu, tutawapeleka mashindano ya kata. Tusipokuta, michezo iishe, watoto washike vitabu.

Sasa, nyuma ya darasa la saba kulikuwa na shamba la shule, tambarare, zuri la kutamanisha. Mwezi wa sita lilikuwa limejaa matuta ya duara, marefu kufika magotini, juu yake yamebaki mashina makavu ya maharage yaliyokwisha kung'olewa. Rozina akayatazama, akaona shamba lililomaliza kazi. Mwalimu mkuu alikuwa kwenye semina mjini, lakini ya nini kumsubiri? Ardhi ni ya shule, mavuno yameshatoka. Jumamosi akawaita watoto waje na majembe.

Hapa ndipo ninapotamani kumvuta sikio. Adela alisimama mbele yake, ameshika jembe kwa mikono yote miwili, akasema, "Madamu, haya matuta ni ya bibi." Rozina akamjibu kwamba bibi ameshavuna. Mtoto akafungua mdomo, akaufunga, maana huku kwetu mtoto habishani na mwalimu. Wakayasawazisha matuta mia moja na arobaini Jumamosi ile ile. Kuuliza si ujinga, tunaambiana kila siku. Rozina alikuwa ameambiwa hata kabla ya kuuliza, na bado hakusikia.

Jumatatu Bibi Cornelia akaja. Alikuwa mjane mfupi, mkavu, ambaye shule ilimwachia shamba lile alime tangu alipofiwa na mumewe. Hakupiga kelele. Alisimama ukingoni, akainama, akachota udongo akauachia, upepo wa Juni ukauchukua. Rozina akaja mbio, akaamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba ya baridi kuliko hali ya hewa yenyewe.

Ndipo akaelezwa jambo ambalo kila mtoto wa darasa la kwanza pale alilijua. Mfipa analima kwa nyasi. Mvua zikiwa zimekolea na nyasi ni mbichi, unazikata, unazilundika, unazifunika udongo. Maharage ya juu ni kitoweo tu. Ukishayavuna, tuta ndiyo kwanza linafanya kazi, nyasi zinaoza ndani polepole kiangazi chote, mpaka mvua za Novemba, hapo unalivunja na kupanda ulezi. Rozina alikuwa amekifunua chungu kabla chakula hakijaiva, akakimwaga, kisha akakisifia kwamba ni safi. Ulezi wa mwaka mzima wa yule mama ulikuwa unakaushwa na jua mbele ya macho yao.

Rozina akaomba radhi, na aliomba kwa dhati. Akasema atanunua mbolea ya dukani. Bibi akatikisa kichwa. Rozina akasema basi, kesho alfajiri atayarudisha matuta yote, moja baada ya jingine.

"Kwa nyasi gani?" Bibi Cornelia akauliza. "Nyasi zimekauka. Matuta ni Januari, mwalimu. Njoo Januari, kama bado utakuwepo."

Hilo la mwisho lilimchoma. Walimu wanne vijana walikuja kabla yake, na wote baridi iliwatoa mbio kabla ya mwaka kuisha. Kijiji kizima kilikuwa kinahesabu miezi yake.

Wiki ile ile Adela akatolewa kwenye timu. Wazazi wengine wakafuata, maana nani atamkabidhi mtoto wake mtu anayebomoa chakula cha mjane? Kutoka kumi na wanane wakabaki watano. Mwalimu Adolfu aliporudi akamwita ofisini, akamwambia kwa upole, na upole wake uliuma kuliko ukali, kwamba hakuna atakayegusa lile shamba tena, na kwamba timu itarudi siku Bibi Cornelia atakaporidhika. Jioni Rozina alilia, alilia vizuri. Mama yake akapiga simu kutoka Kipili, akamwambia rudi nyumbani, ziwani kuna joto, huko utakufa na mafua. Rozina akafuta kamasi, akajibu kwamba hatoki. Akapiga moyo konde.

Kesho yake alfajiri akaanza mchakamchaka na wale watano. Hawakuwa na uwanja, lakini barabara haina mwenyewe. Walikimbia kwenye ukungu, wanaimba, moshi unawatoka mdomoni, na wakipita mbele ya nyumba ya Bibi Cornelia, Rozina alisimama akaamkia. Marahaba, anajibiwa, basi, haongezewi kitu. Juni ikapita, Julai ikapita na baridi yake ya kukata masikio. Novemba mvua zikaanguka, ulezi ukapandwa kwenye lile shamba, ukaota mwembamba, wa njano. Kila akienda darasani Rozina aliuona dirishani, na kila akiuona moyo ulimsuta.

Krismasi alikwenda Kipili siku tano tu. Shule ilipofunguliwa Januari, siku ya pili, saa kumi jioni, akabisha hodi kwa Bibi Cornelia na jembe begani. Bibi akamtazama kuanzia kilemba mpaka viatu, akamwambia kwanza avue hivyo viatu.

Kipande cha pili cha shamba, kule mteremkoni, kilikuwa kimepumzika, nyasi zimefika kiunoni. Bibi akamwonyesha mara moja: kata, kusanya duara, chimba udongo pembeni na mizizi yake, funika, lisionekane hata jani moja. Ukitazama unaona rahisi. Rozina alitengeneza matuta kumi na mawili siku ile, mgongo unapasuka, viganja vimetoka malengelenge. Bibi akapita akayasukuma kwa mguu, moja moja. Yote kumi na mawili yakamwagika. Nyasi chache mno, akasema, na udongo umeutupa kama unafukia paka.

Akarudi kesho yake, na keshokutwa. Mvua ilikuwa inamkuta pale pale. Majirani walisema wako tayari kuja kumsaidia, kazi ya matuta siku zote ni ya watu wengi, mradi pombe ya ulezi iwepo. Mwalimu Adolfu kusikia pombe na shule ya kanisa kwenye sentensi moja, karibu azimie. Rozina akapika togwa tamu, isiyolevya. Wakaja wanaume wawili, wakaonja, wakamsifu kwa mapishi, wakakumbuka wana shughuli nyingine.

Siku ya nne Bibi aliyasukuma matuta, na manane hayakumwagika. Siku ya sita Adela akatokea na jembe lake. Rozina alimwomba radhi pale pale mbele ya bibi yake. Alimwambia, siku ile ulisema kweli na mimi sikukusikiliza. Mtoto akatazama chini, akatabasamu kidogo, akaanza kukata nyasi. Wakafuata wale watano wa mchakamchaka. Halafu wengine, mmoja leo, wawili kesho, wengine wakitumwa na mama zao waliokuwa wamechungulia mlangoni wakamwona mwalimu ametapakaa tope mpaka nyusi. Wasichana wakagawana mistari wakashindana, na Rozina, mwanamichezo yule, akashindwa na watoto wa darasa la nne kila siku ya Mungu.

Mwisho wa Februari matuta yalitimia mia moja na arobaini. Bibi Cornelia akazunguka. Akalichagua moja katikati, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akazipapasa nyasi zinazooza ndani.

"Lina moto," akasema, akautoa mkono, akaanza kuchomeka maharage.

Kikao cha kamati kilikuwa baada ya siku nne. Wachezaji sasa walikuwepo, zaidi ya wale wa kwanza. Uwanja haukuwepo, na shamba lote lilikuwa limepandwa, na Rozina asingeligusa hata kwa kuelekezewa bastola. Alikuwa ameshakata shauri atakwenda kuwaambia ukweli, kwamba uwanja ameukosa kwa makosa yake mwenyewe, na wakiwanyima watoto basi ajue yeye ndiye aliyewanyima. Jambo hilo lilimkosesha usingizi. Alikuwa anasafisha jembe lake wakati Bibi alipomwita amfuate, yeye na Adela.

Wakavuka nyuma ya mikaratusi, mahali ambapo majani yalikuwa marefu, makavu kwenye ncha, ya kukwaruza. Bibi akayafyeka kidogo kwa panga, akagonga chini kwa mpini. Pakalia ko, ko, kama mlango. Palikuwa tambarare kutoka mti hadi mti, papana, pagumu.

"Hapa ndipo mume wangu Rafaeli alipofyatua matofali ya kanisa," akasema. "Udongo mzuri wote waliukwangua. Miaka thelathini, mchicha haukubali. Haya majani yanaota kwenye nyufa tu. Ni pangu. Chezeni."

Rozina akatembea mpaka mwisho, akarudi. Alipofika mbele ya Bibi, uso ulikuwa umembadilika.

"Bibi, ulijua tangu Juni kwamba hapa panatufaa?"

"Tangu wiki uliyofika."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza," Bibi Cornelia akasema. "Halafu ukabomoa. Basi nikataka nione kwanza kama kujenga unajua."

Nitasema ukweli, Rozina alikasirika. Miezi minane! Miezi minane ya baridi, ya kusutwa, ya malengelenge, na uwanja umelala nyuma ya miti, hatua mia mbili kutoka darasani. Alitaka kulitupa jembe. Halafu akajiuliza, kati ya watu wote wa kijiji kile, ni nani ambaye yeye aliwahi kumwuliza swali akasubiri jibu. Akatafuta, hakumpata hata mmoja. Hasira ikaisha, ikabaki aibu, na aibu ile hakuikimbia.

Macho yake yalikuwa yameshapima uwanja tangu zamani. Mstari utapita hapa, nguzo ya goli itakaa pale karibu na mkaratusi mnene, kila kitu kilikuwa tayari kichwani. Akakimeza chote.

"Bibi," akasema, "unaonaje, goli tuliweke upande gani?"

Bibi Cornelia aligeuza uso, akausikiliza upepo, akatembea mwenyewe mpaka upande ule mwingine kabisa, akachomeka panga ardhini. "Hapa. Mchana upepo unatoka kule, mtoto asirushe huku unampiga usoni." Akamgeukia mjukuu wake. "Na wewe kesho urudi kwenye mpira wako. Leo shika fyekeo, siku ni nne tu, na mwalimu wako hajui kufyeka."