Mnada Usio na Kelele

Siku za mnada, sauti ya Mzee Donatus ilikuwa inafika jikoni kwetu kabla chai haijachemka. Nilipoolewa Kahama nikitokea Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilidhani ni kipaza sauti. Mama mkwe wangu akacheka.

"Hilo ni koo la mtu, Urvi," akasema. "Ngoja umwone mwenyewe."

Nikaenda kumwona. Nilitarajia pande la mtu, nikakuta mzee mfupi mwenye kofia ya pama, amepanda juu ya kreti la soda, kitenge kimoja begani na kingine amekikunjua mikono miwili. "Mama, hiki ukikivaa mumeo atarudi nyumbani hata kama hajaondoka!" Wanawake walikuwa wanashikana mabega kwa kicheko, na huku wanafungua mafundo ya khanga zao. Alikuwa ananadi chochote: vitenge vya duka letu, redio za watu waliohama, mbuzi, madume ya ng'ombe. Wiki hii yuko Kahama, wiki ijayo Ushirombo, kisha Masumbwe, ambako walimpenda kupita kote. Wasukuma aliwanadia Kisukuma, Wasumbwa Kisumbwa, na sisi wenye maduka alitutania kwa Kigujarati cha maneno machache aliyojifunza kwa baba mkwe wangu, mengine si ya kutamkwa mbele ya watoto.

Ile ndiyo Kahama ninayoikumbuka. Vumbi jekundu, malori ya pamba yakipita na kuacha nyuzi nyeupe kwenye miiba ya ua, wachimbaji wa dhahabu wa Bulyanhulu wakiingia dukani kununua koleo na tochi, na ile sauti juu ya kila kitu.

Kisha koo likamwuma. Alilitibu kwa tangawizi, akalitibu kwa majani, mwishowe mkewe, Mama Justa, akampakia kwenye basi hadi Mwanza. Madaktari walimpasua na kumponya. Alirudi na kovu shingoni na sauti kama bawaba isiyotiwa mafuta. Ukitaka kumsikia ilibidi umsogelee. Mnadi wa namna hiyo atamnadia nani? Wenzake wa mnadani wakamfanyia sherehe ndogo ya kustaafu, wakamchinjia mbuzi, na mnada uliofuata kreti lilipandwa na mtu mwingine.

Baba mkwe wangu alimpa benchi la ndani ya duka, karibu na magunia ya nta. Wakati huo tulikuwa tunanunua asali na nta kutoka kwa warina asali wa misitu ya huko Masumbwe na kuwauzia wafanyabiashara wa Dar es Salaam. Mzee Donatus alikuja kila asubuhi, akaketi, akainamia fimbo yake. Siku za mnada hakuja. Mama Justa aliniambia siku hizo hushinda shambani, upande wa mbali, ambako kelele za mjini hazifiki.

Mwaka wa tisini na tisa, mume wangu Rushabh akaleta kompyuta. Ilikuja nyuma ya pikapu, imezungushiwa magodoro mawili kama mgonjwa. Mimi ndiye niliyesomea mambo hayo kidogo Mwanza, basi ikawekwa kwenye chumba cha ofisi, karibu na benchi la Mzee, ikawa kazi yangu. Asubuhi na mapema, laini ya simu ikiwa nzuri, ilipiga mluzi na kukoroma mpaka ikashikana na Mwanza, na kutoka Mwanza na dunia nzima. Mvua ikinyesha, hakuna kitu.

Mzee Donatus alinitazama nikiandika barua hivyo siku nyingi. Halafu asubuhi moja akasogeza benchi.

"Mama Aarti," aliniita kwa jina la binti yangu, kama kawaida yake, "huyo unayemwandikia, anakusikia?"

"Hanisikii, Mzee. Anasoma tu."

"Wala hakuoni?"

"Wala hanioni."

Akalishika kovu lake. "Na humo ndani watu wanauziana vitu?"

"Wanauziana. Kuna mahali kama ubao wa matangazo. Unaandika ulicho nacho, mtu wa mbali anakisoma, akikipenda anakuandikia."

"Basi nifundishe," akasema. "Kama hawasikii, sisi na wao tuko sawa."

Nilidhani ni utani. Kesho yake alikuja amevaa shati la kanisani.

Kumfundisha kulikuwa na vituko. Kipanya alikishika kwa mikono miwili, kama mtu anayeshika kifaranga kisimtoroke. Mshale ukipotea kwenye kioo aliinama kuutafuta chini ya meza. Herufi alizijua, alikuwa amesoma kwa mapadre, lakini kwenye kibodi hakuelewa kwa nini zimekaa ovyo. "Nani alizimwaga hivi?" aliuliza. Alichapa kwa kidole kimoja, kile alichokuwa akiwanyooshea wanunuzi enzi zake. Alichoka haraka, akakasirika haraka, na kila siku akarudi.

Tukakubaliana kutangaza nta. Rushabh hakupinga, maana wanunuzi wa Dar es Salaam walikuwa wanatuyumbisha kwa bei. Mzee aliandika tangazo lake la kwanza kwa Kiswahili, nami nikaligeuza Kiingereza: "Nta ya Masumbwe! Nta isiyo na mpinzani chini ya jua! Nyuki wetu ni malkia wote, hakuna mtumwa! Wahi, wenzako wanawahi!"

"Mzee," nikasema, "huyu msomaji hakujui. Ungemwambia kwanza nta iko kiasi gani, iko wapi, inafikaje bandarini."

"Hayo ni ya karani. Mnadi anamwasha mtu moto kwanza."

Nikalituma hivyo hivyo. Tukangoja. Alfajiri baada ya alfajiri mashine ilikoroma, ikafunguka, kukawa hakuna barua. Hilo ndilo lililomwumiza kuliko makosa ya vidole.

"Mnadani mtu akikukataa unayaona mabega yake," alininong'oneza. "Unajua umemkosea wapi, unarekebisha. Hapa nimepiga kelele kisimani, hata mwangwi sina."

Jibu likaja mvua za masika zilipokwisha. Mama mmoja wa Denmaki, mtengeneza mishumaa, alikuwa ameliona tangazo. Aliuliza maswali ya kawaida kabisa: nani wanarina asali hiyo, nta inachemshwaje, ina rangi gani, je, inanuka moshi? Mzee alifurahi hata akakohoa. Tangu hapo akamwita Mama Mishumaa. Akaketi na kumjibu ukurasa mzima: nta ni dhahabu, ni jua la asubuhi, mishumaa yake itawaka mpaka wajukuu wazeeke. Nikatuma.

Kimya.

Baada ya siku kadhaa Mzee alikuja amenyong'onyea, Mama Justa nyuma yake amebeba kikapu cha viazi. Mama huyo alikuwa hajawahi kuingia ofisini mwetu. Akaomba nimsomee barua ya yule mama na majibu ya mumewe. Alisikiliza yote huku amesimama.

"Donatus," akasema, "mwenzako amekuuliza kama nta inanuka moshi. Inanuka au hainuki?"

Mzee akainamia fimbo yake.

"Hujui," Mama Justa akasema, bila ukali. "Umeinadi miezi yote hii, hujawahi kuona inavyochemshwa. Nenda kaangalie, ndipo umwandikie mwenzio."

Tulikwenda Masumbwe kwa pikapu, Rushabh akiendesha, Mzee mbele na mimi nyuma na kamera. Mzee alikuwa hajarudi huko tangu alipougua. Aliomba tupitie uwanja wa mnada ingawa haikuwa siku ya mnada. Palikuwa pametulia: vigingi vya kufungia ng'ombe, majivu ya wachoma nyama, mbuzi mmoja akila boksi. Alishuka akatembea mpaka katikati, akasimama na kofia mkononi. Akanionyesha kwa fimbo: hapa walikaa wauza chumvi, pale wacheza ngoma, hapa mwaka fulani dume lilikata kamba likaingia kwenye vyungu vya watu, na yeye akavinadi vigae vyake, na vikanunuliwa. Alicheka kimyakimya, mabega tu. Mama mmoja aliyekuwa anafagia kibanda chake akamtambua, akamsalimia kwa Kisukuma.

"Donatus! Mwangaluka, baba! Tulisikia umekufa!"

"Mwangaluka, mayu. Nilikufa kidogo tu," akamjibu. Yule mama hakusikia. Akasogea, akasogea tena, mpaka sikio likawa karibu na mdomo wa Mzee. Ndipo akaelewa, akamshika mkono wala hakuuachia upesi.

Warina asali walitungojea kijijini kwa Mageni, aliyekuwa kama mkubwa wao. Alituonyesha kila kitu: mizinga ya magogo juu ya miti ya miyombo, masega, na mwisho mapipa ya kuchemshia. Yalikuwa mapipa ya zamani ya mafuta, meusi ndani na nje, na kuni mbichi chini yake. Mzee alichukua donge la nta, akalivunja, akalinusa. Akanipa nami nikanusa. Ilikuwa nta nzuri, na ilinuka moshi kama jiko la bibi yangu.

"Mama wa watu aliuliza jambo la maana," akasema.

Wanaume waliokuwa pale, thelathini hivi, walitaka kujua mzungu amesemaje. Mzee akasimama kuwaeleza. Nilimwonea huruma, maana uwanja ulikuwa na watoto, kuku, na mashine ya kusaga ikinguruma karibu. Alianza kwa ile sauti yake ya bawaba. Wa mbele wakainama. Mageni akamtuma mtu kuzima mashine. Watoto wakanyamazishwa. Wa nyuma wakaja mbele, wakachuchumaa, mpaka wote wakawa wamemzunguka vichwa vikigusana, hakuna aliyekohoa. Aliwaeleza habari za mapipa, kuni kavu, maji safi, kuchuja kwa kitambaa. Hakutia utani hata mmoja. Nilikuwa nimemwona mara nyingi akiwapigia watu kelele mpaka wakanunua, lakini sikuwahi kuona watu wakimsikiliza namna ile, na nadhani yeye mwenyewe hakuwahi, kwa sababu alipomaliza alibaki amesimama, asijue akae au aondoke.

"Wabeja, baba," Mageni akamshukuru. "Tumekusikia."

Barua aliyoandika tuliporudi ilikuwa fupi. Naikumbuka karibu yote. "Mama, ulichouliza nimekwenda kukiangalia. Nta yetu inanuka moshi kwa sababu ya mapipa. Rangi si moja, nyingine manjano, nyingine kahawia. Wenye nyuki ni wakulima, na mkubwa wao ni Mageni. Wamekubali kubadilisha mapipa. Ikiwa bora nitakuletea kipande unuse mwenyewe. Mimi nilikuwa mnadi, sasa sauti sina, kwa hiyo nakuandikia." Kaka yangu wa Mwanza, aliyekuwa na mashine ya kuingizia picha kwenye kompyuta, akatuma picha za mizinga na za Mageni akiwa mtini.

Safari hii jibu lilikuja upesi. Mama Mishumaa alitaka kipande. Tukakituma kwa posta, chenye moshi kidogo bado. Akasema cha pili kiwe bora. Kikawa bora. Mwezi wa kumi gari la mzigo likasimama mbele ya duka letu, na magunia ya nta ya Masumbwe yakapandishwa kwenda bandarini. Hayakuwa mengi. Baba mkwe wangu aliagiza kashata na sambusa kana kwamba ni arusi.

Mzee akaendelea kuja. Mwalimu Scolastika, aliyestaafu shule ya msingi, akaja na vikapu vyake, akitaka naye kufundishwa, na Mzee akamfundisha, mimi nikawa wa kurekebisha Kiingereza tu. Nilimsikia akimwambia, "Vikapu usivisifie. Mwambie mnunuzi ukweli, halafu umngoje. Kungoja ndiyo kazi yenyewe." Siku za mnada alianza tena kubaki mjini. Wakati mwingine alikwenda kumsikiliza mnadi mpya, akirudi ananiambia kijana si mbaya ila anaharakisha.

Ule mwaka ukielekea kwisha, magazeti yakasema kompyuta zote duniani zitachanganyikiwa ikiingia elfu mbili, hazitaujua mwaka. Wengine walicheka, wengine waliweka akiba ya mchele. Mzee Donatus alihangaika kweli. "Zikisahau mwaka, zitatusahau na sisi," akasema. "Mama Mishumaa tutampata wapi?" Nilimwambia haitakuwa hivyo, ingawa sikuwa na hakika.

Asubuhi ya mwaka mpya duka lilifungwa, lakini niliposhuka kutoka ghorofani nilimkuta Mzee mlangoni, amekwisha toka misa ya alfajiri, Mama Justa kando yake.

"Shikamoo Mzee, shikamoo Mama."

"Marahaba," Mzee akajibu haraka. "Hebu iwashe."

Nikaiwasha. Ikakoroma, ikapiga mluzi, ikasita. Ikafunguka. Kulikuwa na barua moja. Mama Mishumaa aliwatakia heri ya mwaka, akasema kwao theluji imefika madirishani, akauliza kama Masumbwe mvua imenyesha.

"Anauliza mvua," nikamwambia.

"Haulizi nta?"

"Nta hajaitaja."

Alivuta benchi, akavua kofia, akailaza magotini. Mama Justa akasimama nyuma yake, mkono begani. Nikawaachia chumba. Kutoka barazani nilisikia kidole kimoja kikitafuta herufi, polepole, kikizipata moja baada ya nyingine, na Mama Justa akimkumbusha kwamba huko Masumbwe ilinyesha Jumapili, si Jumamosi.