Pole kwa Operesheni Isiyofanyika

Simu ilitoka hospitali ya Bukavu: operesheni ya kupunguza tumbo la Constance imeahirishwa tena. Mwaka jana ilikuwa barabara, juzi mashine, leo daktari wa usingizi amesafiri. Watu wa huku Fizi wanaambiwa "ngojeni" tangu enzi za babu zao, lakini Constance alikuwa amengoja miezi minane bila bugali, maana akiongeza kilo watamfuta kwenye orodha.

Bamama wa kanisa walifika kumpa pole na bugali na kuku, kama kwenye matanga.

"Kula, dada."

"Sili, Mama Arlette."

"Unakataa pole yetu?"

Constance alifunika sahani. "Kwa matanga batu banaliaga kwanza. Mulie."

Bamama walitazamana. Mama Arlette alianza kulia kwa adabu tu. Constance alipojiunga, hakuna aliyethubutu kumnyamazisha mpaka bugali ukapoa.