Alama za Ntwari

Kila Alhamisi pale zahanati nesi Swabaha aliwasomea akina mama namba kwa sauti, kama mwalimu anayerudisha karatasi za mtihani. Watoto wenye matundu moyoni walibaki nyumbani, kila mmoja na saa ya mradi mkononi; saa ilipima oksijeni kwenye damu, na namba ikafika yenyewe kwenye simu ya nesi.

"Wa Petronila, tisini na mbili. Makofi ya kilo!"

Wakapiga.

"Ntwari wa Avelina, sabini na nne."

Hakuna aliyepiga makofi.

"Shoga," Petronila akacheka, "huyo wako anashika mkia."

Mwezi ujao madaktari wangekuja kuchukua watoto watatu wa kupasuliwa. Avelina alijua uchaguzi ulivyo. Darasa la saba aliachwa kwa alama nne tu: wa juu huitwa, wa chini hurudi kupalilia maharage. Nani angepoteza kisu chake kwa sabini na nne?

Alipofika nyumbani, kijijini Kasulo, akaivua saa mkononi mwa Ntwari, akamvalisha dada yake, Joyness, ambaye hajawahi kuugua hata mafua.

"Usiivue. Hata shuleni."

Ntwari alikuwa amechuchumaa mlangoni, midomo rangi ya zambarau, akitafuta pumzi. "Na mimi, mama?"

"Dada yako anakufanyia mtihani."

Wiki tatu mfululizo, tisini na saba. Makofi yakavuma. Avelina akakaza kanga kiunoni.

"Shoga, mkia sasa anashika nani?"

Wa Petronila alikuwa ameshuka hadi themanini na moja.

Siku ya madaktari gari lilisubiri nje. Swabaha akasoma majina matatu. La mwisho, mtoto wa Petronila.

"Na Ntwari?"

"Tunaanza na walio chini, mama. Wako tumemfuta. Ana nafuu, shukuru."

Avelina akaungama yote hapo hapo, mbele ya wote: saa, Joyness, mtihani.

"Gari likija kila mtu ana hadithi yake," Petronila akasema, akiokota mfuko wake. "Juzi ulikuwa unaringa."

"Nesi, nakuapia! Anakufa!"

Swabaha akafungua simu, akamgeuzia kioo. Tisini na nane. Huko shuleni ilikuwa saa ya mapumziko, na Joyness alikuwa anaruka kamba.

"Anayekufa ndiye huyu?" Akawageukia akina mama. "Jamani, makofi ya kilo."

Wakapiga.