Miti Miwili Isiyopimwa kwa Ufito

Shamba zima la misonobari lilipandwa kwa ufito: unaulaza chini, hatua tatu kamili, unachimba shimo, unaulaza tena. Shamba zima, isipokuwa miti miwili mwisho wa mstari wa tisa. Hiyo ilipandwa na watoto wawili, ndugu wa toka nitoke, waliogombania ufito wa baba yao mpaka wakauvunja. Basi wakapima kwa urefu wa mkono.

"Ikikaa mbalimbali itaogopa," alisema dada mtu, na neno la dada lilikuwa sheria.

Miaka kumi na mitano imepita. Dada aliolewa mbali mwaka wa nane tangu kupanda. Salamu zikaja, zikapungua, zikakatika. Mdogo mtu sasa ndiye anayepaka rangi miti ya kukatwa shambani. Hutangulia na kopo mbele ya wenye misumeno, na mti autiao alama nyekundu, jioni hauioni.

Leo alipofika mwisho wa mstari wa tisa, akasimama. Miti ilipopunguzwa mara ya kwanza, miaka mitano nyuma, hii miwili aliiruka. Miti jirani iliyopata nafasi imenenepa kweli kweli. Hii imebaki kama miwa, matawi ya upande wa kugusana yamekauka, kila mmoja unarefusha shingo kuliwahi jua lile lile.

"We binti, umeota mizizi?" aliita msimamizi, ambaye kwa urefu na ukavu wake wote walimwita Bwana Ufito.

"Nachagua, bosi."

"Unachagua mti au mchumba?" Wenye misumeno wakaangua kicheko. "Mara ya kwanza niliona, nikanyamaza. Ukiiacha tena, upepo utaichukua yote. Mafahali wawili..."

"Si mafahali, bosi. Mmoja wa dada yangu, mmoja wangu."

Bwana Ufito akakuna kidevu. Sauti yake ikashuka. "Basi ubaki ulionyooka, mwanangu. Hapo sina la kukusaidia."

Ulionyooka ulikuwa wa dada. Wake uliinama kidogo, kama mtu anayetega sikio njiani. Akachovya brashi, akaupaka wake.

Ulipoanguka, alipiga magoti kwenye kisiki kinachotoka utomvu. Pete za miaka mitano ya mwanzo zilikuwa pana. Zilizofuata, nyembamba kama unywele. Akahesabu kwa kucha, akiutafuta mwaka alioondoka dada. Alidhani ataona kovu, au doa basi. Pete ya mwaka ule ilifanana na jirani zake. Mti haukujua lolote.

Akainuka, akaushika msonobari wa dada kwa viganja viwili. Vidole vilikutana upande wa pili.

"Nafasi hiyo, umeipata," akaunong'oneza. "Nenepa. Nenepa mpaka siku dada akija, kukuzungushia mikono tuhitajiane."