Haya, Nukta

Kwa miaka yote waliyokuwa na duka lao la kuwachapia watu kazi kwa kompyuta, pale Kihagara karibu na ufukwe wa ziwa, Joakim alisoma na mkewe Oliva alichapa. Joakim alisimama nyuma ya kiti na karatasi ya mteja, maana yeye aliweza kusoma mwandiko wowote, hata wa mtu aliyeandikia juu ya bodaboda. Oliva alikaa, vidole vikakimbia. Na kwa vile Joakim hawezi kufungua mdomo bila kuchomeka utani, kazi ilikwenda hivi:

"Kikao kilifunguliwa kwa sala na mwenyekiti, ambaye alisinzia kabla ya amina."

Oliva alichapa mpaka "mwenyekiti", akasimamisha vidole, akausubiri utani upite kama mtu anayesubiri ng'ombe wavuke barabara. Kisha akaendelea. Hakuna utani hata mmoja uliowahi kufika kwenye karatasi.

"Lakini mama Mektilda," Joakim alimuuliza mkewe siku moja, "unajuaje kwamba hapa natania? Hata kugeuka hugeuki."

"Sauti yako. Ukisema usichomaanisha inakuwa nyepesi, kama kikombe kisicho na chai."

Ukurasa ukiisha Oliva alisema, "Haya, nukta," akagonga kitufe cha mwisho na kunyoosha mgongo.

Mwaka jana Oliva alipanda boti kwenda Mbamba Bay kununua wino na karatasi. Upepo ukageuka, boti ikapinduka. Wenzake wote ziwa liliwarudisha, wengine wazima, wengine maiti. Oliva peke yake halikumrudisha, hata kitenge chake.

Ndugu zake wa Litembo, kule milimani, walishuka, wakalia, wakasubiri, halafu wakaanza kuuliza habari ya misa na msalaba. Joakim akawapiga chenga. Kwanza alisingizia mvua. Baadaye akasingizia msimu wa kahawa, na yeye hana hata mche mmoja. "Msalaba niusimike juu ya nani?" aliwauliza, wakacheka kidogo. Maana mtu asiyeombewa misa ya wafu bado anaweza kuingia mlangoni siku yoyote akasema boti ilichelewa. Mlango huo ndio Joakim aliokuwa anaulinda.

Kompyuta ndiyo iliyochokoza. Ile programu yao ya kuchapia, ambayo fundi mmoja aliwawekea zamani bila leseni, asubuhi moja ilitoa maandishi mekundu ikataka ilipiwe ndipo ifunguke.

"Imeokoka," Joakim aliwaambia wateja. "Imeungama, imeacha wizi. Nimebaki mwenye dhambi mimi tu."

Mwalimu Benadetha wa sekondari alikuja na kazi yake akamkuta ameshika tama.

"Baba Mektilda, unalia nini? Siku hizi watu wanaandikia mtandaoni, bure kabisa. Wewe weka bando tu."

Akavuta kibodi, akafungua ukurasa mweupe.

"Na kusevu?"

"Inasevu yenyewe. Kila herufi."

"Yenyewe? Anayesevu ni nani?"

"Aah, na wewe! Subiri uone hii sasa." Akabonyeza alama ya kipaza sauti. "Unasoma, yenyewe inachapa. Kikao cha wazazi kitafanyika Jumatatu. Jamani, kuku huyo anaingia!"

Kwenye kioo cha kompyuta yakatokea maneno: kikao cha wazazi kitafanyika jumatatu jamani kuku huyo anaingia.

"Haichagui," Mwalimu Benadetha alisema. "Kila kitokacho mdomoni inaandika. Hata ukisema nukta, itaandika neno nukta. Hizo utaweka mwenyewe kwa mkono."

Mwalimu alipoondoka, Joakim alichukua karatasi alizoziacha akaanza kusoma. Alikuwa ameshafika mstari wa pili alipogundua kwamba amesimama nyuma ya kiti, kama zamani. Hakuhama.

"Wazazi wanaombwa kufika mapema, wasije na visingizio vya mgonjwa ambaye jana alikuwa anacheza ngoma."

Kwenye kioo: wazazi wanaombwa kufika mapema.

Akajaribu tena, akachomeka utani mrefu zaidi. Safari hii alikitazama kile kistari kinachopepesa pale herufi zinapotokea. Kilisimama. Kikasubiri. Utani ulipopita, kikaendelea na kazi.

Akakiinamia kiti. "Mama Mektilda," akaita, polepole.

Kistari kikapepesa tu.

Hakumwambia mtu. Ila kuanzia siku ile alikuwa wa kwanza kufungua duka, na mchana haendi nyumbani kula. Alisoma barua, alisoma risala, akatania mpaka machozi yakamtoka, na kioo hakikuchukua hata utani mmoja. Wateja walimkuta anacheka peke yake nyuma ya kiti kitupu. Siku moja mama mmoja, Lusia, alikaribishwa akae hapo asubiri karatasi zake. Aliweka mkono kwenye kiti, akautoa haraka.

"Hapana, baba, nitasimama. Kiti hiki kina joto. Aliyekuwa amekaa hapa ameenda wapi?"

Ndipo aliposhuka Tobias, kaka yake Oliva. Alikuwa na koti la baridi ya Litembo, linamtoa jasho, na karatasi mfukoni.

"Shemeji, safari hii hunipigi chenga. Padre ameshatangaza, misa ni Jumamosi. Wasifu huu, nimeuandika mwenyewe. Uchape."

"Nauona. Mwandiko wa mtu aliyeshika jembe kwa mkono mwingine."

"Soma, shemeji."

Nje, wadudu wa ziwani walikuwa wamepanda juu ya maji kama moshi, nguzo ndefu nyeusi zinazotembea bila moto chini yake. Nguzo moja ilikuwa inasogea ufukweni, na mwanga dukani ulianza kufifia, mchana kweupe. Tobias alivuta stuli, akaketi amelipa ziwa mgongo.

Joakim alisoma. "Marehemu Oliva alizaliwa Litembo."

Kwenye kioo: oliva alizaliwa litembo.

"Neno limeruka," Tobias alisema.

"Marehemu aliolewa Kihagara."

Kwenye kioo: aliolewa kihagara.

"Labda hailijui." Tobias akainama kwenye kompyuta. "Marehemu."

Likaandikwa: marehemu. Joakim akalifuta, akalisema yeye, kwa sauti kubwa. "Marehemu!"

Kistari kikasimama. Kikasubiri. Hakuna kitu.

"Nimekusikia," Tobias alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Kwa masikio yangu haya. Umelisema."

Joakim alijisikia mwepesi mwili mzima, karibu aruke. "Umeona? Amekataa! Mwenyewe amekataa, shemeji. Hiyo misa mtamwombea nani?"

"Nani amekataa?"

"Oliva. Ndiye anayechapa. Najua ni yeye, kwa sababu utani wangu hauandiki. Hajawahi kuandika kitu ambacho mimi..."

Akakwama hapo. Wadudu walikuwa wameanza kugongagonga dirisha, wengi, laini, kama vidole.

"Ambacho wewe nini?" Tobias aliuliza.

"Ambacho mimi simaanishi."

Akaketi kwenye boksi la karatasi. Tobias hakuelewa, lakini alikuwa mtu mwema, akamngoja.

"Hajakataa neno, shemeji," Joakim alisema baadaye. "Anasubiri lipite. Anadhani natania."

Akainuka, akasimama mahali pake nyuma ya kiti. Akashika egemeo. Lilikuwa na joto, joto la mgongo wa mtu. Mwaka mzima alikuwa amelisema neno hili kwa watu, kwa kucheka, kwa kunong'ona, kwa kulipitisha haraka, na hata mara moja hakuwahi kulisikia. Sasa alikumbuka ule upepo. Alikumbuka yeye mwenyewe ufukweni, anahesabu vichwa.

"Marehemu Oliva," alisema. "Mke wangu. Marehemu."

Sauti ilitoka chini kabisa, nzito, hata yeye aliiogopa. Kistari hakikusimama. marehemu oliva mke wangu marehemu.

Akasoma wasifu wote bila kuongeza neno, mpaka mstari wa mwisho. Akanyamaza. Tobias naye amenyamaza, mdomo umefumbwa, mikono juu ya magoti. Kistari kikapepesa kidogo, kikaenda mbele, kikaandika:

haya nukta

Tobias alifanya ishara ya msalaba. "Nani amesema? Shemeji, nani amesema?"

Chini ya kiganja cha Joakim egemeo la kiti lilikuwa linapoa, taratibu, kama sufuria iliyoepuliwa. Alisubiri mpaka likawa plastiki tu. Nje nguzo ya wadudu ilikuwa imepita, mwanga ukarudi, na ziwa likaonekana lote, limetulia, halina mtu.

Akasafisha koo. Akainama karibu na kompyuta, akajaribu, kwa ile sauti yake nyepesi:

"Na kaka yake Tobias alilia kuliko wote, kwa sababu aliambiwa pilau imeisha."

Kistari hakikusubiri. Kikaandika yote, hata pilau.