Tundu la Ghorofa ya Nne

Jengo letu lina ghorofa sita, na mimi ndiye niliyekuwa nikiligawa. Kila mwaka nilikusanya gharama zote za kulitunza, yaani umeme, maji, walinzi, wafagiaji na ile lifti inayokohoa kila ikifika ya tatu, nikazigawa kwa idara zote kulingana na nafasi ambayo kila moja imeikalia. Mwenye mita nyingi za sakafu abebe mzigo mkubwa, mwenye chache abebe mdogo. Kazini waliniita Mama Mita. Wakuu wa idara wakiniona na tepu yangu ya kupimia walisogeza makabati na viti ukutani, eti chumba kionekane kidogo. Nilicheka nao, lakini namba sikubadili. Namba hazina mama, niliwaambia.

Mimi nilikuwa naye. Mama alishona sare za kampuni kwenye ghorofa ya nne, yeye na mdogo wake, ambaye namwita mama mdogo. Sare za madereva, za walinzi, za wapakiaji mizigo, zote zilitoka humo. Washonaji walikuwa kumi na wanne. Halafu mgao wangu wa kwanza ukatoka, ikaonekana shati la kushonwa ndani lina gharama kubwa kuliko la dukani, kwa kuwa idara yao ya ushoni ilikalia ghorofa nzima. Wakapunguzwa wawili. Mwaka uliofuata sakafu ni ile ile, watu wamepungua na mashati pia, gharama ya kila shati ikapanda tena, akapunguzwa mwingine. Mwaka wa nne zamu ikamfikia mama. Alipewa barua ya mistari mitatu, akaagana na wenzake, akarudi nyumbani. Nilihuzunika, sitaki uongo, ila niliamini kwamba hesabu ni hesabu.

Mwaka huu, wa kumi na moja, walikuwa wamebaki watano, mama mdogo akiwa mkuu wao. Jumatatu kikao kilikuwa kiifunge idara yenyewe na ghorofa wapewe watu wa mauzo. Mkurugenzi akaniomba nikapime upya, ili mauzo wajue watapanga meza ngapi. Nilikwenda Jumamosi asubuhi, jengo likiwa tupu.

Sijui niieleze vipi asubuhi ile. Lifti ilikuwa imezimwa, nikapanda ngazi polepole, na kila ghorofa niliyoipita sauti za mjini zilizidi kwenda mbali, mpaka nikahisi ninapanda ndani ya usingizi wa mtu mwingine. Nilipofungua mlango wa ushoni mwanga ulikuwa umejaa kote. Ulishuka kutoka kwenye paa la vioo, ukapita katikati ya jengo, katika lile tundu kubwa linaloanzia juu kabisa hadi ukumbi wa mapokezi. Vumbi la pamba lilielea humo bila haraka, halipandi wala halishuki. Cherehani tano zilipangwa kulizunguka tundu, maana washonaji hufuata mwanga, na kati yake palikuwa na nafasi za cherehani tisa, alama za miguu yake zikiwa bado zimebonyea sakafuni. Nilisimama nikasikia, au nilidhani nasikia, zikikanyagwa zile zisizokuwepo. Sikuogopa. Nilitamani nijilaze pale pale.

Kazi ikaniamsha. Nikabana ncha ya tepu ukutani, nikaanza kutembea kuelekea ukuta wa pili. Hatua kumi, kumi na mbili, halafu tumbo likagusa ukingo wa chuma. Mbele yangu hapakuwa na sakafu. Nilikuwa nimenyoosha mkono wenye tepu juu ya hewa tupu, na chini kabisa niliiona meza ya mapokezi, ndogo kama kiberiti.

Nikaketi. Ghorofa nyingine zina idara nyingi, kwa hiyo huko nilipima chumba kwa chumba. Ya nne ilikuwa ya idara moja tu, nami mwaka ule wa kwanza nikaona ya nini kujichosha. Nilitandaza ramani mezani kwangu, nikazidisha urefu wa jengo kwa upana wake, nikamaliza. Kila mwaka nikanakili namba ile. Pale juu nilipanda mara nyingi kupiga soga na kunywa chai, lakini sikupanda hata siku moja kupima. Theluthi nzima ya mita nilizowabebesha washonaji ilikuwa hewa. Nililia peke yangu, na mwanga hauna habari na mimi, unashuka tu.

Ningeweza kunyamaza. Nilikuwa nikingoja kupandishwa cheo mwezi ujao, na hakuna mwingine anayepima. Lakini Jumatatu nilisimama kikaoni nikasema.

"Ngoja kwanza," mkurugenzi akainua mkono. "Unataka kuniambia tumewatoza hawa watu hewa?"

"Hewa, mzee. Miaka kumi na moja."

Mkuu wa mauzo, aliyekwisha kuchagua dirisha lake, akaja juu. "Na hizo mita nani atazibeba? Mita haikai bila mwenyewe!"

"Mwanga wa lile tundu unatushukia sote," nikamjibu. "Tuzibebe sote."

Wakacheka, na kicheko kile kikaniokoa. Wakakubaliana tundu lihesabiwe pamoja na ngazi na korido, kila idara ichukue kidogo. Kwa mara ya kwanza shati la ushoni likawa rahisi kuliko la dukani. Idara haifungwi tena. Kuhusu mimi, mkurugenzi alisema kuteleza si kuanguka. "Yaliyopita si ndwele," akafunga faili lake, "tugange yajayo."

Nilipanda ngazi mbili mbili. Washonaji wakapiga vigelegele, mmoja akanitupia kitambaa shingoni na kunizungusha. Mama mdogo peke yake hakunyanyuka.

"Umesema kosa lilianza lini?"

"Mwaka wa kwanza, mama mdogo."

Akaondoa mguu kwenye cherehani. "Na wale tisa?"

"Hawakutajwa kikaoni."

"Hawakutajwa na wakubwa, au hawakutajwa na wewe?"

Vigelegele vilikatika. Nilikuwa na furaha mpaka dakika ile, na aibu iliyonishika sijapata kuiona. Kweli sikuwataja. Nilikuwa nimewasahau, mama yangu akiwemo.

"Nenda ukawaambie," akasema. "Kwa mdomo wako. Barua walishapewa. Na unajua pa kuanzia."

Nilimkuta mama amekaa mlangoni, anachambua mboga. Nilimweleza yote, ramani, ukingo wa chuma, namba niliyoinakili, bila kujitetea. Nilingoja anigombeze, na ningeshukuru. Yeye aliweka ungo chini, akavigeuza viganja vyake, akavitazama mbele na nyuma kwa muda mrefu.

"Mimi nilijua ni mikono," akasema. "Ilikuwa imeanza kutetemeka kidogo. Nikasema basi, wameona. Miaka saba nawaficha hata nyinyi, wajukuu siwashonei kifungo."

"Haikuwa mikono, mama."

"Nimesikia."

Nikapiga magoti nikamwomba radhi. Hakusema amenisamehe, hakusema hajanisamehe. Alisimama, akaingia ndani, akatoka amejitanda mtandio na kuvaa viatu vya kutokea.

"Wengine umeshawaambia?"

"Bado. Wewe ndiye wa kwanza."

"Basi inuka, twende kabla jua halijazama. Tuanze na yule aliyekuwa akikata kola. Yeye anadhani ni macho yake."